Burke na Mackintosh: namna gani mtu humsadikisha asiyekubaliana naye?

Ndugu mafratri, na ninyi makatekista mnaotusoma mbali na miji, jambo hili mnalijua kwa macho yenu: anayeshangiliwa mara nyingi hakusadikisha mtu. Katika mabishano ya jioni ya seminari tulimwona mwenzetu mmoja mwenye ulimi mwepesi akimjibu mshindani wake kwa maneno makali, mpaka ukumbi wote ukapiga makofi. Kiisha tukawauliza wale wa upande mwingine: je, mmegeuza shauri lenu? Hata mmoja. Waliokubali walikuwa wamekwisha kubali mbele ya kuingia. Waliokataa walitoka na hasira, na mwenye hasira ni kama mtu aliyetia pamba masikioni.

Katika mambo ya politiki ugumu huu unazidi, na unazidi sana kwa watu wa namna moja: wale tunaoweza kuwaita walinda desturi. Ni waandishi na wasemaji wanaosema kwamba nyumba ya zamani isibomolewe pasipo kujua tutalala wapi. Mwenye njaa akimsikia mtu wa namna hii anasifu mambo ya wazee, hufikiri upesi: huyu amekwisha kula. Ndiyo maana wengi wao husomwa na rafiki zao tu. Lakini historia inaonyesha wachache waliosikilizwa na watu wasiokubaliana nao hata kidogo, wakawageuza, au wakawalazimisha kufikiri upya. Tumechagua habari ya mmoja wao, kwa sababu mambo yake yameandikwa na rafiki na adui pia, na kwa sababu si habari ya ushindi mtupu.

Mwisho wa mwaka 1796, avoka kijana wa Scotland, James Mackintosh, mwenye miaka 31, alitoka London akaenda kukaa siku chache nyumbani kwa mzee Edmund Burke, karibu na mji mdogo wa Beaconsfield. Mzee alikuwa mgonjwa, na miezi michache tu ilimbakia. Miaka 5 mbele ya hapo, Mackintosh alikuwa ameandika kitabu kizima cha kumpinga, na ni kitabu kile kilichomfanya ajulikane katika Uingereza yote. Sasa yeye mwenyewe ndiye aliyemwandikia Burke barua ya heshima, na Burke akamjibu kwa kumwalika. Alipotoka kule, shauri lake juu ya mapinduzi ya Ufaransa lilikuwa limegeuka, wala hakulificha.

Namna gani mzee mtetezi wa wafalme na wa maaskofu aliweza kumvuta kijana mpenda mapya? Ili tujibu, inatupasa kurudi nyuma sana. Tunafikiri jibu halimo hasa katika ziara ile, wala katika kitabu cha Burke peke yake.

Burke alizaliwa Dublin, katika Ireland, mwaka 1729. Baba yake alikuwa avoka Mprotestanti, na mama yake, Mary Nagle, Mkatoliki. Alipokuwa mtoto dhaifu wa mwili alikaa miaka kadhaa kwa wajomba zake Wakatoliki, kusini mwa nchi. Tukumbuke Mkatoliki wa Ireland alikuwa nani wakati ule: hakuwa na ruhusa ya kupiga kura, wala kuingia Palamenti, wala kufungua shule, hata shamba la baba yake alilirithi kwa sheria zilizotungwa kusudi ligawanyike na kupotea. Burke mwenyewe alibatizwa na kukaa Mprotestanti mpaka kufa. Lakini aliona kwa mjomba wake jinsi sheria ya wenye nguvu inavyoingia mpaka ndani ya chungu cha maskini, na hakusahau.

Akaenda London, akaacha masomo ya sheria, akaandika vitabu, kiisha mwaka 1765 akachaguliwa kuwa mdepite. Alikuwa wa chama cha Whig, chama kilichojisifu kwa kupenda uhuru na kuzuia nguvu ya mfalme. Mlinda desturi wakati ule halikuwa jina la chama. Watu wa nyuma ndio waliomwita Burke baba wa walinda desturi wote. Jambo hili si dogo. Maneno yake makubwa ya kutetea mambo ya zamani yalitoka kinywani mwa mtu ambaye kwa miaka 25 alikuwa amesimama upande wa wanaoonewa, tena mara nyingi kwa hasara yake.

Mifano ipo. Waingereza wa Amerika walipokataa kodi za London, Burke alisimama katika Palamenti tarehe 22 Machi 1775, akaomba wapatanishwe wala wasipigwe. Hakusikilizwa, vita ikaanza mwezi uliofuata. Mji wa Bristol, mji wa bandari na wafanya biashara, ulikuwa umemchagua mwaka 1774. Mabwana wale walitaka bidhaa za Ireland zizuiwe, zisishindane na zao. Mdepite wao akasema kwamba Ireland ina haki ya kufanya biashara. Walitaka Wakatoliki wabaki chini. Yeye akasaidia sheria ya mwaka 1778 iliyowapunguzia mzigo. Juni 1780, makundi ya watu waliochochewa na Lord George Gordon juu ya sheria ile yalizunguka London siku nyingi, yakachoma kapela za Wakatoliki, nyumba na magereza. Mamia ya watu wakafa. Burke, ambaye jina lake lilikuwa kati ya yale yaliyotukanwa, alitoka akapita kati yao. Miezi michache baadaye aliona kwamba Bristol haitamchagua tena, akajitoa kabla ya kura.

Kiisha India. Katika Bengal, Kompanyi ya India ya Mashariki ilitawala mamilioni ya watu kwa faida ya wenye hisa wa London (wasomaji wetu wa Katanga hawana haja ya kuelezwa kompanyi yenye kutawala nchi ni kitu gani). Burke alimshitaki guverneri wake wa zamani, Warren Hastings, mbele ya Baraza la Malordi. Kesi ilianza Februari 1788, ikadumu miaka 7, na Aprili 1795 Hastings akaachiliwa. Burke alishindwa. Lakini miaka ile yote mzee huyu aliwasemea watu wa mbali ambao hawakuweza kumpa hata kura moja.

Sasa tufike mwaka 1789. Mapinduzi yalipoanza Paris, Whig wengi wa Uingereza walifurahi. Mkubwa wao, Charles James Fox, rafiki na mwanafunzi wa Burke, alifurahi kuliko wengi. Tarehe 4 Novemba 1789 pasta mmoja mzee, Richard Price, alihubiri London kwamba Waingereza nao, tangu mwaka 1688, wana haki ya kuwachagua watawala wao na kuwafukuza. Wakati ule ule Ufaransa ilikuwa imechukua mali ya Ekleziya, tarehe 2 Novemba. Na kwa sheria ya 12 Julai 1790 maaskofu na maparoko walipaswa kuchaguliwa kwa kura kama wadepite. Burke alitazama hayo yote. Tarehe 1 Novemba 1790 akatoa kitabu chake juu ya mapinduzi ya Ufaransa, chenye umbo la barua kwa kijana mmoja Mfaransa. Nakala 13,000 ziliuzwa katika majuma 5 ya kwanza.

Kilichowashangaza wasomaji ni pahali alipoanzia. Mtu angengoja aanze na sifa za wafalme. Burke alianza na mwaka 1688, mwaka ambao Whig waliuheshimu kama sikukuu, walipomfukuza mfalme James wa Pili. Price alisema mwaka ule umewapa Waingereza haki ya kugeuza kila kitu wapendavyo. Burke akafungua maandiko yenyewe ya sheria ya wakati ule, akayapitia neno kwa neno, akawaonyesha Whig kwamba babu zao walijitahidi sana kusema: hatuundi kitu kipya, tunashika urithi wetu. Msomaji aliyefungua kitabu kwa kusudi la kukitupa alikuta mezani vitu vya nyumbani mwake mwenyewe. Aliweza kubisha juu ya maana yake, lakini hakuweza kusema: hayo hayanihusu.

Kutoka hapo Burke akaendelea na neno la urithi. Haki za watu, alisema, ni kama mali ya ukoo: tumeipokea, tunaitengeneza, tunawapa wanaokuja, na nchi ni kama ushirika wa walio hai, waliokufa na watakaozaliwa. Sisi tuliozaliwa pahali ambapo shamba si mali ya mtu mmoja peke yake tunaelewa hesabu hiyo upesi, labda kuliko mabwana wa Paris waliomsoma. Tena alikubali wazi kwamba nchi isiyo na njia ya kugeuza kitu haina njia ya kujilinda. Kukubali huku kulikuwa na nguvu kubwa. Kulimwambia mshindani: ninajua ya kuwa nyumba ina ufa, nimeuona pamoja nawe, tunabishana juu ya namna ya kuuziba.

Na kuna jambo la tatu, ambalo hakuna mtu aliyeweza kulihukumu siku ile. Burke hakukaa katika maneno ya juu tu. Alitazama hesabu za fedha za Ufaransa, pesa za karatasi, mahakama, majeshi. Alipofika kwa majeshi aliandika jinsi yatakavyokwenda: maofisa watakosa kutiiwa, askari watakuwa na fujo muda fulani, mpaka atokee jenerali mmoja anayejua kuwavuta, na siku ile jenerali huyo atakuwa bwana wa Palamenti na wa nchi yote. Hayo yaliandikwa mwaka 1790, mfalme angali hai na watu wa Paris wangali wanaimba. Wengi walicheka. Novemba 1799 jenerali Bonaparte aliwafukuza wadepite kwa askari wake. Burke alikuwa kaburini miaka 2.

Lakini tusimpambe. Kitabu hiki kina makosa, na makosa yake yanatufundisha juu ya shauri letu sawa na uzuri wake. Burke alilia sana juu ya malkia wa Ufaransa na kitanda chake, siku watu wa Paris walipoingia jumba la Versailles, Oktoba 1789. Philip Francis, mwenzake katika kesi ya Hastings, alisoma kurasa zile mbele hazijachapwa, akamwonya kwamba ni mapambo matupu. Burke alikasirika, akaziacha. Juu ya mkulima wa Ufaransa, aliyelipa kodi ya chumvi, kodi ya bwana na fungu la kumi, wakati wakubwa wake hawakulipa karibu kitu, alisema kidogo mno. Thomas Paine, katika jibu lake la mwaka 1791, alimpiga hapo hapo: Burke anasikitikia manyoya, anamsahau ndege. Sisi tunaona Paine alisema kweli, na kweli ile ilisomwa na watu wengi kuliko kitabu cha Burke.

Tena kuna neno moja. Mahali fulani Burke, akihofia elimu itakanyagwa na watu wasio na adabu, aliwafananisha na nguruwe. Labda hakukusudia maskini wote. Watetezi wake wanasema hivyo. Haidhuru. Mafundi na wafanyakazi wa London walilishika neno lile, na kwa mwaka 1793 kulikuwa na magazeti madogo yaliyojipa majina ya chakula cha nguruwe, yakauzwa kwa bei ya chini na kumcheka Burke kila juma. Kurasa mia tatu za akili, na neno moja la dharau; kwa maelfu ya watu ni neno lile tu lililofika. Katekista anayesoma haya atafikiri juu ya mahubiri fulani aliyoyasikia.

Hata hivyo, chama cha Whig kilianza kutikisika. Sasa tutazame mambo mawili ya Burke mwenyewe, lile la Fox na lile la Mackintosh, kwa sababu yanapingana.

Fox alimpenda Burke kweli. Tarehe 9 Februari 1790, kitabu hakijatoka bado, alisema katika Palamenti kwamba aliyojifunza kwa Burke yanaweza kupimana na yote aliyojifunza vitabuni na duniani. Hakuna mtu aliyekuwa tayari kusikiliza kuliko huyu. Lakini tarehe 6 Mei 1791, walipobishana juu ya sheria ya Canada, Burke aliingiza tena habari za Ufaransa. Rafiki za Fox wakamkatiza kwa kelele, na Fox mwenyewe akamkumbusha maneno yake ya zamani juu ya Amerika ili kuonyesha kwamba amegeuka. Burke akasema kwamba atafanya iliyo kazi yake hata kwa bei ya urafiki. Fox akamnong'oneza kwamba urafiki haujapotea. Burke akajibu kwa sauti ya watu wote kwamba umepotea, umekwisha. Fox akasimama kujibu, na machozi yakamzuia kusema muda mrefu.

Fox hakugeuka kamwe. Na tuseme wazi: siku ile Burke hakutaka kumsadikisha Fox, alitaka akiri. Pengine miaka mingi ya kukaa pamoja ilimfanya afikiri kwamba rafiki anapaswa kuona yale anayoyaona yeye, na kwa hiyo kutokuona kwake ni uasi. Sisi tunaokaa nyumba moja miaka mingi, mezani na kapelani, tunajua kishawishi hiki.

Hali ile iliendelea. Tarehe 28 Desemba 1792, akisema juu ya hatari ya wageni kutoka Ufaransa, Burke alitoa kisu kirefu ndani ya koti lake akakitupa chini katikati ya Palamenti, ili wadepite waone silaha zilizokuwa zikitengenezwa Birmingham. Alitaka wahofu. Wengi walicheka, na inasimuliwa kwamba Sheridan, aliyekuwa rafiki yake zamani, aliuliza uma uko wapi. Mwaka ule Burke alikuwa na habari za kweli kuliko wote: Septemba watu zaidi ya 1,000 walikuwa wameuawa katika magereza ya Paris, kati yao mapadri zaidi ya 200. Yeye mwenyewe aliandika kuwaombea msaada mapadri wa Ufaransa waliokimbilia Uingereza kwa maelfu. Ukweli ulikuwa mikononi mwake, lakini kisu kikaufunika.

Mackintosh alikuwa kati ya waliomjibu mwaka 1791. Kitabu chake kina jina la Kilatini litakalowapendeza mafratri, Vindiciae Gallicae, maana yake utetezi wa Wafaransa. Kilitofautiana na majibu mengine: hakikumtukana Burke, kilipima hoja zake moja moja. Fox alikisifu. Kiisha mambo ya Ufaransa yakafuatana: mauaji ya Septemba, mfalme akakatwa kichwa tarehe 21 Januari 1793, kiisha miezi ya kitisho ambamo hata waanzilishi wa mapinduzi walipandishwa jukwaani kufa. Julai 1794 Duke wa Portland na Whig wengi wenye heshima walimwacha Fox wakaingia serikali ya Pitt. Burke alikuwa amewasemea miaka minne. Matukio yaliwasukuma, maneno yake yakawapa njia ya kupita bila kuona wamesaliti uhuru wao. Tusidanganyane: Burke pasipo matukio yale angebaki mzee mwenye kupiga kelele. Lakini matukio yale, kama hakuna aliyeyaeleza mbele, yangewaacha wengi katika kukata tamaa tu.

Mwaka 1796 Mackintosh aliandika katika gazeti moja la London juu ya barua mpya za Burke zilizopinga kufanya amani na Ufaransa. Hakukubali yote. Aliandika kwa ustahivu. Desemba akatuma barua, akaalikwa.

Katika nyumba ile hakukuwa na ukumbi wa kushangilia. Burke alikuwa amempoteza mtoto wake wa pekee, Richard, Agosti 1794, na tangu hapo alikaa kama mtu aliyemaliza. Mackintosh alisimulia baadaye jinsi mzee yule alivyozungumza naye siku nzima juu ya vitabu, watu na nchi, jinsi alivyojua mambo mengi, na jinsi alivyocheza na watoto wadogo akibingirika nao juu ya zulia. Huyu ndiye mtu ambaye magazeti ya London yalimchora kama mwenda wazimu. Hakumdai mgeni wake akane kitabu chake. Hakuwa na haja. Kijana alikuja akiwa amekwisha kukitilia mashaka, na alichokuta ni mtu anayeweza kumpa sababu kwa utaratibu.

Mwaka 1799 Mackintosh alifundisha watu wengi London juu ya sheria ya maumbile na sheria ya mataifa, na mbele yao akaacha maneno yake ya mwaka 1791. Rafiki zake wa zamani walimwita msaliti. Alipopewa kazi ya ujaji Bombay na jina la heshima, wakasema amelipwa. Pengine inaonekana hivyo. Lakini tumtazame aliporudi: aliingia Palamenti mwaka 1813 upande wa Whig, na miaka mingi akapigania kufutwa kwa sheria zilizomhukumu mtu kifo juu ya wizi mdogo. Mtu aliyenunuliwa hachagui kazi ya namna hiyo. Kwa maoni yetu, Burke hakumtoa Mackintosh katika kupenda haki. Alimwonyesha kwamba haki zikipendwa pasipo kuangalia hali za watu zinaweza kuzaa mauaji, na Mackintosh akabaki yeye mwenyewe, mwenye uangalifu zaidi.

Msomaji atasema: mtu mmoja si ushuhuda wa kutosha. Basi tumtaje mwingine, ambaye hakugeuka hata kidogo. William Hazlitt, aliyezaliwa mwaka 1778, alipenda mapinduzi ya Ufaransa maisha yake yote, akampenda Bonaparte hata alipoanguka. Masomo ya Mackintosh ya mwaka 1799 alikwenda kuyasikiliza, yakamchukiza. Lakini mwaka 1796, kijana wa miaka 18, alikuwa ameona gazetini sehemu ya barua ya Burke ya kujibu malordi waliomlaumu juu ya pensheni aliyopewa na mfalme. Tangu siku ile, anasema, alijua maana ya kuandika. Baadaye aliandika kwamba alitumia kipimo kimoja kujua akili na unyofu wa mtu wa upande wake: kama anakubali kwamba Burke alikuwa mtu mkubwa. Hazlitt alimwona Burke amekosa katika karibu kila neno kubwa. Hata hivyo hakuweza tena kuwaza juu ya uhuru pasipo kumjibu Burke kichwani mwake, na huenda huku nako ni kusadikishwa kwa namna fulani. Hatuna jina zuri la kukuita.

Kuna jambo ambalo wengi wanaomsifu Burke hulisahau, nalo linatuhusu sisi wa seminari kuliko wengine. Miaka ile ile aliyopiga kelele juu ya Ufaransa, hakuacha kuwaambia Waingereza kwamba wanawaonea Wakatoliki wa Ireland. Angeweza kunyamaza, wakubwa waliompenda sasa, tangu mfalme George wa Tatu, hawakupenda kusikia habari hiyo. Mwaka 1793 Wakatoliki wa Ireland walipata haki ya kupiga kura. Mwaka 1795 seminari ya Maynooth ilifunguliwa kwa sheria ya Palamenti ya Ireland, ili mapadri wasome nyumbani, kwani seminari zao za Ufaransa zilikuwa zimefungwa. Burke aliisaidia sana kwa barua na mashauri, akashikilia kwamba maaskofu wenyewe waisimamie, isiwe mkononi mwa serikali ya Waprotestanti. Mwaka 1796 alifungua shule huko Penn, karibu na nyumba yake, kwa wana wa Wafaransa waliokimbia. Aliyetaka kujua kama anatetea wakubwa tu aliweza kwenda kutazama.

Alikufa tarehe 9 Julai 1797. Siku za mwisho Fox alisikia kwamba mzee yu karibu na kifo, akaandika akiomba kuja kumwona. Bibi Jane, mke wa Burke, alijibu kwa upole kwa niaba ya mumewe: imemchoma moyo sana kuukata urafiki ule, lakini ameona ni kazi yake, na hawezi sasa kuonana na Fox pasipo watu kufikiri kwamba ameacha aliyoyasema. Basi yule aliyempinga kwa kitabu kizima alikaribishwa, akacheka na watoto sebuleni. Na rafiki wa zaidi ya miaka 20 akabaki nje. Fox hakulipa ubaya kwa ubaya. Alipendekeza Burke azikwe katika kanisa la Westminster, pamoja na wakubwa wa nchi. Lakini Burke alikuwa ameagiza katika wosia wake azikwe Beaconsfield pasipo fahari, na wakamlaza pale, karibu na mwanawe Richard.